Daraja la tatu, Mwanza hadi Bukoba

Tiketi ya daraja la tatu inakupa haki ya kuvuka ziwa. Utajinyoosha wapi, hilo utalitafuta mwenyewe, na ndiyo sababu nilifika Bandari ya Mwanza Kaskazini jua halijazama, ilhali MV Victoria huondoka usiku.

Meli hii ilitengenezwa Uskoti, vipande vyake vikaungwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Ilirudi majini 2020 baada ya ukarabati mkubwa, ikiwa na uwezo wa abiria 1,200 na mizigo tani 200. Vyumba vya kulala ni vichache, kwa hiyo sehemu ya nauli ndogo hujaa mapema.

Nilielekea katikati ya meli, chini kadiri ilivyowezekana. Ziwa likichafuka, meli huenda kama pembea: omo na tezi, yaani mbele na nyuma, hupanda na kushuka sana, katikati hutulia. Staha za juu nazo huyumba zaidi chombo kikilala ubavu. Mwenye kichefuchefu akae katikati, ale chakula chepesi kisicho na mafuta, na dawa aimeze saa moja kabla ya kuondoka. Akishaanza kutapika, haikai tumboni.

Kuna sehemu zinazovutia halafu zinakuadhibu. Ukuta wa chumba cha injini una joto zuri mwanzoni. Usiku wa manane unatoka jasho na harufu ya dizeli imekukaa kooni. Karibu na choo, maji yanayovuja hufuata mlalo wa meli mpaka kwenye begi lako. Nyuma ya dohani moshi hushuka upepo ukigeuka. Mlangoni na kwenye ngazi mabaharia watakuhamisha, na wana haki.

Kumweka msafiri maskini pabaya si jambo la leo. Katika meli za zamani za Atlantiki, wahamiaji kutoka Ulaya walilazwa chini, na Waingereza waliliita daraja hilo kwa jina la mitambo ya usukani iliyokuwa jirani. Abiria wa sitahani kati ya Bombay na Mombasa walibeba matandiko yao wenyewe. Nami nilibeba mkeka, shuka, sweta, maji lita moja na nusu, na kamba ya mita mbili ya kufungia begi kwenye mguu wa kiti. Simu na pesa hubaki mwilini. Sweta watu hulidharau kwa sababu Mwanza ni joto. Upepo wa ziwani usiku hauna habari na hilo.

Kabla ya kutandika, tazama majaketi okozi yako wapi na ngazi ya kutokea iko upande gani. MV Bukoba ilizama katika ziwa hili tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imezidisha abiria. Mabaharia hufoka watu wakikimbilia upande mmoja gati linapoonekana. Uzito huo ukiwa juu na ubavuni, meli hulala.

Tulifunga gati katika bandari ya Kemondo kabla ya kufika Bukoba. Anayekwenda Muleba ashuke hapa, kwani Bukoba itamlazimu kurudi nyuma kwa barabara. Mzigo uliowekwa ngamani, chini tumboni mwa meli, haupatikani kwa haraka, na bila stakabadhi utasimama gatini mpaka wenzako wote wamalize kuchukua yao.