Vagzal: safari ya treni kutoka Saint Petersburg hadi Pavlovsk

Dereva wa teksi alinishusha stesheni ya Moskovsky, akachukua nauli yake, akaondoka. Nilikuwa nimemwambia Vitebsky. Ikabidi nilipe teksi ya pili, na teksi za Saint Petersburg si za bei ya kuchezea.

Chanzo ni matamshi. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na kila irabu tunaipa haki yake. Nilisema «viTEbski VOkzal»; vokzal kwa Kirusi ni stesheni. Mkazo wa Kirusi hauna makao: ZAmok ni ngome, zaMOK ni kufuli. Irabu isiyokazwa hufifia, na o hugeuka kuwa kama a. Kisha konsonanti zikikutana, inayofuata ndiyo inayoamua. Weka kidole kooni: ukisema zzz koo linatetemeka, ukisema sss limetulia. Kwa hiyo k iliyo mbele ya z hutetemeka pamoja nayo, ikawa g. B iliyo mbele ya s hutulia, ikawa p. Kinachoandikwa Vitebsky vokzal hutamkwa «VItipski vagZAL». Usipachike irabu katikati, «vokizali», maana hapo k na z hazigusani tena, na g haitokei kamwe.

Dirishani nilisema «aDIN biLYET da PAvlafska», tiketi moja hadi Pavlovsk, nikapewa bila kuulizwa mara mbili. Viti vya treni ni vigumu, lakini safari ni fupi.

Nilikwenda Pavlovsk kwa sababu ya neno lenyewe, vokzal. Vauxhall ilikuwa bustani ya starehe mjini London, na tangu karne ya 18 Warusi waliita kumbi za namna hiyo voksal, kwa s. Reli ya kwanza ya Urusi ilifunguliwa 1837 hadi Tsarskoye Selo, na mwaka uliofuata ikafika Pavlovsk, ndani kabisa ya bustani, kwenye ukumbi wa muziki ulioitwa hivyo. Johann Strauss wa Vienna alianza kupiga muziki pale 1856. Watu walipanda treni kwenda voksal, mwishowe kila stesheni kubwa ikaitwa hivyo. Zal kwa Kirusi ni ukumbi, na ndilo lililoivuta s ikawa z. Wapo wanaosimulia kwamba Warusi waliona stesheni ya Vauxhall wakadhani hilo ndilo jina la kila stesheni. Si kweli: stesheni hiyo ya London ilifunguliwa 1848, neno likiwa limeshazoeleka Urusi.

Nasi tulifanya vivyo hivyo na stesheni: tuliipa irabu ya mwisho, mkazo ukahamia she.

Ukumbi wenyewe haupo, uliangamia katika Vita vya Pili vya Dunia. Nilitembea chini ya miti hadi baridi iliponishinda, nikarudi kibandani kuagiza chai. Warusi nao husema chai, kwa silabi moja tu. Mama muuzaji alikuwa ameshaanza kumimina kabla sijamaliza sentensi.