Mjomba hajafa, wala hayupo

Kikao cha ukoo kimevunjika tena. Sababu ni ile ile: nyumba ya marehemu babu, pale Mtoni kwa Aziz Ali, haigawiki wala haiuziki mpaka ijulikane mjomba wangu mkubwa tumhesabu upande gani, wa warithi au wa marehemu. Bibi aliwaacha watu wakaongea weee, kisha akakunja mkeka wake. "Anayetaka kumuua mwanangu kwa karatasi, anisubiri nife kwanza."

Mjomba alikuwa kuli bandarini. Alhamisi ya tarehe 6 Agosti 1998, jioni, alitoka kwenda shifti ya usiku. Kesho yake asubuhi ubalozi wa Marekani ukalipuliwa kule Kinondoni, watu 11 wakafa na wengine wengi wakajeruhiwa. Kuli wa Temeke angefuata nini Kinondoni? Lakini siku ile nani alikuwa na akili ya kuuliza hivyo! Mama na mama mdogo walikwenda Muhimbili, wadi kwa wadi, halafu mochwari. Hakuwemo. Walipofika kituoni kuandikisha, mji mzima ulikuwa unazungumza bomu, na kijana wa miaka 26 ambaye hajarudi nyumbani hakuwa habari. Wakaambiwa, "Nendeni mkasubiri, atakuwa kwa mwanamke." Bibi hajalisamehe neno lile mpaka leo.

RB, ile karatasi ya polisi ya kuandikisha taarifa, ipo. Inakaa kwenye kopo la biskuti pamoja na stakabadhi ya tangazo la Radio Tanzania na picha moja, iliyopigwa studio ya Kariakoo. Amevaa koti la mpiga picha, limemzidi mabega, na mkono wa kushoto ameuficha nyuma. Aliuficha kwa sababu kidole gumba hakina ukucha, uling'olewa na waya wa winchi. Yaani ile alama ambayo ingemtambulisha popote duniani ndiyo haimo pichani.

Wenzake wa bandarini wana jibu lao: kazamia. Miaka ile vijana wa Keko, Temeke na Kigamboni walikuwa wanapenya melini usiku na dumu la maji na mikate, wanajibanza kwenye shehena wakiomba Mungu chombo kitie nanga Durban au Cape Town. Wapo waliofika, na wapo waliozeekea huko Cape Town, wakilala chini ya madaraja karibu na bandari. Wapo pia waliokamatwa katikati ya safari wakatoswa baharini. Hilo la mwisho halisemwi mbele ya bibi.

Halafu kuna "waliomwona". Hao hawaishi. Mmoja alikuja na habari kwamba mjomba yuko jela Durban, zinatakiwa hela za wakili. Mama mdogo akauza cherehani, na yule bwana hatukumtia machoni tena.

Julai 2019 bibi aliisikia redioni habari ya Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyepotea Kibiti tangu Novemba 2017. Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, alikuwa ameiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki, kisha akasema maneno yake yamechukuliwa vibaya. Bibi hana habari na siasa. Aliuliza jambo moja tu: "Na mkewe je? Hapo katikati alilia, au alingoja?" Hakuna aliyemjibu.

Sheria ya Ushahidi inasema mtu asiposikika kwa miaka 5 na wale ambao wangesikia habari zake kama angekuwa hai, basi anaweza kuhesabiwa amekufa. Sisi miaka hiyo tulishaipita zamani. Mjomba mdogo anataka twende kile Kituo Jumuishi cha mahakama pale Temeke, tupate amri, tufungue mirathi, yaishe. Simlaumu. Paa linavuja na watoto wake wanadaiwa ada. Ninachokataa mimi ni kumzika mtu kwenye faili kabla hatujachukua kitu kimoja: vinasaba (DNA) vya bibi. Ana miaka zaidi ya 80. Akiondoka, damu ya mama mzazi imeondoka naye, na hata mifupa ikipatikana kesho, tutabaki kubahatisha kwa ndugu. Tena huwezi kujipeleka tu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwenye maabara inayopima vinasaba, kama unayekwenda kupima malaria. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009 inataka ombi lipitie kwa mamlaka inayotambulika, kama polisi au mahakama. Sasa kama mahakamani tunakwenda hata hivyo, kwa nini tusiombe na hilo? Mjomba mdogo amesema atafikiri. Bibi amekubali kutoa damu, ila kasema kwenye fomu yoyote mwanawe aandikwe "anatafutwa".

Basi nauliza. Kama wewe au mzee wako mliishi mtaa wa Point kule Durban, au bandarini Cape Town, kuanzia mwisho wa 1998: mrefu, mweusi, anatumia mkono wa kushoto, gumba la mkono huo halina ukucha, na akicheka anaziba mdomo. Anaweza kuwa anatumia jina lingine. Ukiwa na picha, niletee mimi kwanza, usimpelekee bibi. Na hela hatutoi kabla ya kukiona hicho kidole.