Shurba ya Cork

Ramadhani ya 2016 ndiyo yangu ya kwanza hapa Cork, Ayalandi. Ilianza Juni, na magharibi ilikuwa ikiingia karibu saa nne usiku. Mimi ni mtoto wa Unguja. Nikifuturu, roho hutaka bakuli la shurba, supu ya nyama na ngano, kabla ya kitu kingine chochote. Ngano ya kupaaza sikuipata, nikanunua oti. (Wako wanaoziita shayiri, lakini shayiri ni nafaka nyingine.) Zilikuwa zile bapa, za kuiva upesi. Ziliyeyuka zote, supu ikawa uji mzito wenye nyama ndani yake. Nilikula machozi yakinilengalenga.

Nilichokitaka kilikuwa kwenye rafu hiyohiyo. Waayalandi wana oti wanazoziita pinhead: punje nzima iliyokatwa kwa visu vya chuma vipande viwili au vitatu, haikubanwa wala haikusagwa. Ukizitia kiganjani ni chenga tupu, kama chenga za mchele. Na chenga haiyeyuki ovyo. Inalainika nje, moyo wake unabaki na ukinzani kidogo jinoni, sawasawa na ngano ya shurba.

Siri ni kuzikaanga kavu kwanza, dakika nne au tano, mpaka jiko zima linukie kama karanga. Hapo ladha inaamka, na ule utelezi wake unapungua. Kinu cha Macroom, magharibi ya hapa, nacho hukaanga oti kabla ya kuzisaga.

Mimi huchemsha nusu kilo ya kondoo, na mifupa yake, katika lita mbili za maji pamoja na kitunguu, nyanya mbili, thomu, tangawizi, uzile na kijiti cha mdalasini. Nyama ikiiva natia nusu kikombe cha oti, moto mdogo, nusu saa. Chumvi mwishoni, kisha ndimu. Ikilala mpaka daku itakuwa imeshika. Iongezee maji ya moto.

Pilau pia inatoka. Viungo na vitunguu vikaangwe kwenye samli mpaka viwe vyekundu, kikombe cha oti zilizokwisha kukaangwa, supu vikombe viwili visivyojaa, funika, na mwiko uuweke mbali. Ukikoroga tu, umepika uji. Tui nimelijaribu na silipendi humo, linazifanya nzito mno.

Wenzangu wa Afrika Mashariki hushangaa: oti si za maziwa na sukari asubuhi? Nilidhani majirani nao watashangaa. Nikampelekea bakuli bibi wa nyumba ya pili, nikimweleza kwa haraka kwamba kwetu tunatia chumvi na nyama. Akala kimya, kisha akaniambia habari za brotchán, supu ya oti, liki (mboga ya jamii ya kitunguu) na maziwa aliyokuwa akiipika mama yake. Kabla viazi havijafika nchi hii, oti ndizo zilizokuwa zikiwalisha watu, na mpaka leo wako wanaoviringisha samaki ndani yake kabla ya kumkaanga.

Kesho yake alinigongea mlango na liki tatu za bustanini kwake, zina udongo bado. Niliziosha, nikazikatakata, nikazitia kwenye shurba mahali pa kitunguu. Sijarudi tena kwenye kitunguu.