Vidonge vitatu ndani ya karatasi

Saa kumi alfajiri tulimweka mtoto kwenye mzani: gramu 2,050. Alilia kwa nguvu, lakini mapaja yalikuwa membamba na ngozi ya makalio imejikunja mikunjo. Mimba ilikuwa imetimiza wiki 38, kwa hiyo hakuwa njiti. Alikuwa amekosa chakula tumboni mwa mama.

Nilichukua kadi ya kliniki ya mama. Mimba ya kwanza, dozi 2 za SP, vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria, zote zina sahihi yangu. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimempima malaria kwa kipimo cha haraka, hakikuonyesha kitu. Homa hakuwa nayo, alilalamikia uchovu tu, na kiwango cha damu kilikuwa chini, 8.9. Nikampa vidonge vya kuongeza damu, nikamruhusu.

Kondo la nyuma lilipotoka nilikata kipande upande ulioshikana na mji wa mimba, nikakipeleka maabara. Mtaalamu alifyonza damu ya ziada kwa kitambaa, akagusisha nyama kwenye slaidi, akaikausha na kuipaka Giemsa, rangi ya kuonyesha vimelea. Baadaye akaniita: "Sista, njoo uone." Chembe nyekundu zilikuwa zimejaa vimelea, na kati yake punje za kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi: mabaki ya damu iliyoliwa. Slaidi ya damu ya kidole cha mama, ya usiku uleule, ilikuwa safi.

Ndivyo falsiparamu, aina ya kimelea cha malaria, inavyodanganya. Chembe zilizoambukizwa hunata kwenye kondo, hazizunguki sana mwilini, kwa hiyo kidole huweza kutoa majibu safi huku kondo likiungua. Uvimbe unaotokea hupunguza chakula na hewa vinavyomfikia mtoto. Mwenye mimba ya kwanza huumia zaidi kwa sababu mwili wake bado haujatengeneza kinga dhidi ya vimelea vya aina hii inayonata kwenye kondo, hata kama amekulia kwenye malaria.

Kilichonisumbua ni zile dozi mbili. Nikamuuliza taratibu, "Mwanangu, vile vidonge vya mara ya pili ulivimeza?"

"Nilivifunga kwenye karatasi, sista. Sikuwa nimekula, niliogopa kutapika."

Vilikuwa bado mkobani, vyote vitatu. SP humezwa hata tumbo likiwa tupu, vidonge 3 kwa mpigo, mbele ya mhudumu, kuanzia wiki ya 13, kisha kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, angalau dozi 3 hadi kujifungua. Siku ile foleni ilikuwa ndefu na maji ya kunywa yalikuwa chumba cha pili. Nilimpa mkononi, nikaweka sahihi.

Mama tulimwanzishia dawa mseto ya malaria, vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, haikumzuia kunyonyesha. Damu ya kisigino cha mtoto haikuwa na vimelea. Tulimfunga kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, akanyonya kila baada ya saa mbili, na usiku tulimwamsha, maana mtoto wa uzito huo husinzia sukari ikishuka. Siku ya nne alikuwa gramu 1,940. Siku ya kumi, 2,080. Aliondoka na chandarua chenye dawa, na mama aliyejua kuwa mtoto akichemka, hata kidogo, ni kumrudisha siku hiyohiyo.

Jagi la maji sasa linakaa juu ya meza yangu.