Milimita tatu za kumi

Nimetoka Kariobangi saa hii na mikono bado ni nyeusi tii, vumbi la grafaiti, ile nyeusi ya penseli, limeingia mpaka ndani ya kucha na sabuni ya kipande hailiwezi. Mzee anayenikerezea nozeli ya roketi ya klabu yetu, yaani mdomo wa kutolea gesi, alijifunga leso puani akaniambia kijana wangu, hiki kitu kinachongeka kama chaki lakini ukikigonga kidogo tu umekiua, na kweli, nozeli ya kwanza ilimeguka ukingoni tukiitoa kwenye mashine.

Kuna kitu kilinisumbua miezi na leo nikiangalia ile mashine ikizunguka nimekielewa hadi mwilini. Kwamba njia ikibanwa kitu kinakimbia zaidi, hiyo najua tangu utotoni, ukiziba mdomo wa mpira wa maji na kidole gumba maji yanaruka mbali. Sasa mbona nozeli baada ya kubana inafunguka tena? Ni kwa sababu gesi ikifika kooni, pale njia ilipo nyembamba zaidi, imeshafikia spidi ya sauti, na kutoka hapo mambo yanageuka, ukiipanulia njia ndio inazidi kukimbia. De Laval wa Sweden alilitumia umbo hili kwa tabo za mvuke, mitambo inayozungushwa na mvuke, miaka ya 1880, roketi zikaja kulichukua baadaye.

Upande wa kutokea nimechora koni ya digrii 15 kutoka katikati. Umbo la kengele ni zuri zaidi, sikatai, lakini koni hii inapoteza chini ya asilimia 2 ya msukumo na Mzee anaikereza bila kompyuta, mimi nachukua koni.

Roho yangu yote iko kwa koo. Jaribio lililopita la klabu yetu chuoni tulijificha nyuma ya mifuko ya mchanga, nozeli ilipopoa nikaipima koo na venia, kile kipimo cha kubana, milimita 10 zilikuwa zimekuwa 10.4, yaani eneo la koo limeongezeka asilimia 8 na presha ikashuka nayo. Hiyo naweza kuvumilia. Koo likiwa dogo ndio naogopa, presha inapanda na bomba la roketi linaweza kupasuka, ndio maana nozeli ya pili iliposoma 9.7 niliikataa na Mzee akanishangaa, milimita tatu za kumi tu? Nikamwambia Mzee, watu watakuwa wamesimama pale.

Akanyamaza, akafunga kipande kingine.

Kiko hapa mezani ndani ya gazeti. Nimepima pande tatu, 10.0, 10.0, 10.1. Asubuhi macho yakiwa hayajachoka napima tena.