Kaunti Iliyoanzia Chini ya Ardhi

Ukitoka Kansas City, Marekani, kwa barabara ya I-70, saa nne hivi za kwenda magharibi zinakufikisha Hays, katika jimbo la Kansas. Hapo tuliiacha barabara kuu, tukapanda kaskazini hadi Stockton, kisha tukaishika barabara ya 24. Mwenzangu, Mkongo wa Uvira aliyekwisha lowea Kansas City, alikuwa ameambiwa kuna kijiji cha Weusi, Nicodemus, huko katikati ya mashamba ya ngano. Hakuamini.

Njia za vumbi upande huu zinakatana pembe mraba kila baada ya maili. Serikali iliipima nchi hii kwanza, walowezi wakaja baadaye. Kaunti ya Graham yenyewe, kilipo kijiji hicho, ilichorwa mwaka 1867, ikapewa jina la Kapteni John L. Graham, mwanajeshi wa Kansas aliyekuwa ameuawa kwenye pigano la Chickamauga mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa miaka kumi ilikuwa kaunti ya kwenye ramani tu.

Walioitia watu ni waliokuwa watumwa Kentucky. Mwaka 1877 Mzungu dalali wa ardhi, W. R. Hill, na mchungaji Mweusi, W. H. Smith, walianzisha kampuni ya mji wa Nicodemus, wakasambaza vipeperushi vya kuusifia. Septemba hiyo watu wapatao 300 walishuka treni mjini Ellis, wakatembea zaidi ya kilomita 50. Hawakukuta mji. Inasimuliwa kwamba baadhi yao walitaka kumnyonga Hill, naye akajificha. Familia kadhaa zikageuza zilikotoka.

Waliobaki walichimba mashimo kando ya Mto Solomon wakaishi humo, maana miti ilikuwa haba. Nilikumbuka tembe za zamani za Mbulu, zilizochimbwa ubavuni mwa kilima. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alieleza baadaye kwamba wenzake walipomwonyesha Nicodemus aliona moshi tu ukitoka ardhini, akalia. Kipupwe kile cha kwanza Waosage, wenyeji asilia wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni ndio waliowagawia chakula.

Tuliingia kwenye ukumbi wa mawe wa mwaka 1939. Kijiji ni majengo machache: kanisa la AME (la Wamethodisti Weusi), kanisa la Baptisti, shule ya mwaka 1918, na iliyokuwa hoteli ya St. Francis. Tangu 1996 ni hifadhi ya taifa ya kihistoria. Mwenzangu alisimama muda mrefu mbele ya picha ya Edward P. McCabe. Serikali ya kaunti ilipoundwa mwaka 1880, gavana alimteua McCabe kuwa karani wa kaunti hiyo. Miaka kumi na mitano tu baada ya utumwa kufutwa, mtu Mweusi ndiye aliyekuwa akitunza daftari za kaunti! Mwaka 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima.

“Kaka, na huu mji ulikufa namna gani?” akaniuliza.

Reli. Mwaka 1888 Union Pacific ilipita ng’ambo ya mto, na wafanyabiashara wakahamia Bogue kuifuata. Makao makuu ya kaunti nayo yalihama: yalianzia Millbrook, kimbunga kikaubomoa mji huo mwaka 1887, yakaenda Hill City. Ndiyo, Hill yule yule. Kwangu hilo ndilo lililonichoma kuliko yote: dalali ana mji mzima kwa jina lake, na waliolala mashimoni wanatafutwa kwa kibao cha barabarani.

Hill City tulipata kahawa tu. Kaunti nzima leo haina watu 2,500. Kutoka hapo tulishuka kusini hadi I-70, tukapita Ellis. Mwendo ule wa miguu sisi tuliumaliza kwa gari hata hatujamaliza mazungumzo. Mwisho wa Julai wazao wa Nicodemus hurudi kila mwaka kwa sherehe ya ukombozi, na mwenzangu ameshaomba likizo kazini. Safari hiyo ataendesha yeye.