Kikaratasi cha Herufi P

Jana mjukuu alikuwa anatafuta mkasi kwenye droo, akaibuka na paspoti yangu. Akaifunua ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho. "Bibi, mbona ya kwako haina mihuri? Ya mama imejaa." Nikamwambia airudishe alikoitoa. Hakuuliza tena, ila swali lake lilikesha na mimi.

Kisa cha paspoti hiyo ni cha Oktoba 2022, joto la Dodoma la kabla ya mvua, vumbi mpaka kwenye vikombe. Nilikuwa na miaka 60 na miezi miwili. Wenzangu walikuwa wameshaniaga kwa vitenge na godoro, baada ya miaka 36 ya kufundisha Kiingereza, kuanzia vijiji vya Mpwapwa hadi hapa mjini. Mafao bado yalikuwa njiani, nami nilikuwa bado na nguvu ya vipindi sita kwa siku. Kijana mmoja wa Dar es Salaam, wakala, akaniambia kuna shule ya Ghuba, kule Uarabuni, inatafuta walimu wa darasa la nne hadi la sita.

Makaratasi nitayataja haraka, maana walimu wengi huniuliza. Paspoti, shilingi 150,000. Cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Vyeti vya taaluma vipite Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Alama za vidole polisi kwa ajili ya cheti cha tabia njema. Wanaodai mtihani wa Kiingereza wa IELTS, matokeo yake huhesabika miaka miwili tu, kwa hiyo usiufanye kabla hujajua shule inautaka. Kila karatasi ina tarehe yake ya kufa, na ukianza na ile inayokufa mapema utailipia mara mbili.

Wakala aliusoma wasifu wangu akasema, "Madam, ondoa mwaka wa kuzaliwa. Ondoa na miaka ya kuhitimu. Uzoefu andika 'zaidi ya miaka 15'. Nywele tia piko, na taa ikae mbele yako, isikae juu, maana ya juu inaonyesha mikunjo." Miaka niliifuta. Nywele nilizifunga kilemba. Lakini cheti cha kidato cha nne kimeandikwa 1980, na hicho wanakitaka nakala. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Usaili ulifanyika kwa video, ofisini kwa mwanangu, Area D. Walikuwa watatu upande wa pili, mkuu wa shule katikati. Wakanipa dakika kumi za kufundisha chochote. Nilikuwa nimejiandaa na herufi P, kwa sababu Kiarabu hakina P, na mtoto anayekua na Kiarabu husema "ben" akikusudia "pen".

Zana yake ni moja. Unachana karatasi ya daftari, upana wa vidole viwili, urefu wa shubiri. Unaishika ncha ya juu, ininginie mbele ya midomo, umbali wa vidole vitatu. Sema "ben": inatulia. Sema "pen": inaruka. P ya Kiingereza mwanzoni mwa neno hutoka na pumzi, B haitoki nayo. Watu wa pwani wanaisikia tofauti hiyo bila kufundishwa, wanapotenganisha paa la nyumba na paa wa porini, huyu wa porini ndiye mwenye pumzi. Sema sasa "spin": inatulia tena, kwa sababu P ikitanguliwa na S haitoki na ile pumzi. Hapo ndipo wanafunzi wakubwa huanza kuuliza maswali mazuri.

Somo hili huharibika kwa mambo matatu: karatasi ngumu, mtoto kusimama mbali, na upepo. Feni ilikuwa inazunguka juu yangu na kikaratasi kilikuwa kinacheza kabla sijafungua mdomo. Nikainuka, nikaizima. Jasho likaanza. Nikasema "ben", nikasema "pen", nikageuka ubavu ili kamera ione vizuri.

Mkuu wa shule akachana karatasi yake. Akasema "people" mara moja, P zote mbili zikatoka B, karatasi haikutikisika. Akarudia. Mara ya tatu ikaruka, na yule mama aliyeketi kushoto kwake akapiga makofi. Nimeona nyuso za namna hiyo darasani kwa miaka mingi. Ni uso wa mtu ambaye mdomo wake umefanya kitu kipya. Akacheka, akaandika kitu. Kisha akauliza nimezaliwa mwaka gani.

Wakala alikuwa amenifundisha kusema kwamba taarifa zote ziko kwenye fomu. Nikasema 1962.

Akaweka kalamu chini. Chumba kilikuwa kimya kwa sababu feni ilikuwa imezimwa; nilisikia bodaboda ikipita nje hadi ikaisha. Akasema kwa upole, "Laiti ungekuja kwetu miaka mitano nyuma." Kikaratasi kilikuwa bado mkononi mwangu, kimelowa jasho, na sikujua nikiweke wapi.

Wakala alisema tatizo ni viza. Barua ya shule ilisema bima ya afya. Hakuna aliyesema siwezi kufundisha.

Nilianza kusoma. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inautaja umri miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kubagua kwayo. Uingereza wana sheria yao ya 2010, Marekani ya 1967 inayowalinda wenye miaka 40 na zaidi. Lakini nchi unayoomba kazi ndiyo yenye neno. Korea Kusini viza ya mwalimu wa Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba tu, Tanzania haimo, kwa hiyo kule hata kijana wetu hafiki kwenye swali la umri. Oman mwanzoni mwa 2022 ilikiondoa kikomo cha miaka 60 kwa wageni. Kumbe kikomo huandikwa na mtu na mtu anaweza kukifuta, na hilo liliniuma zaidi.

Walimu wa miaka 45 wakinijia sasa, nawaambia waanze leo, waulize kikomo cha umri kwa maandishi kabla ya kulipia muhuri wowote, waulize na bima italipwa na nani. Nawaambia wasifute miaka yao. Halafu wakiondoka hubaki nikijiuliza kama nimewasaidia, au nimewafundisha kuwahi mlango ambao haukupaswa kufungwa.

Paspoti inaisha 2032. Asubuhi hii mjukuu ameuliza tena, nikamwambia sikusafiri. "Kwa nini?" Nimemchania karatasi ya daftari lake, vidole viwili kwa shubiri, nikaenda kuzima feni.